Maji Matamu Hukaa Juu

Mwezi uliopita nilipita Jomvu Kuu, na mlinzi wa uwanja mmoja wa makontena akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kisima. Akaitazama miguu yangu yenye vumbi, akautazama mfuko wangu, akacheka kwa upole. "Kisima gani, mama? Hapa ni simiti mpaka kwenye mikoko." Nikasimama pale langoni nikipima kwa macho. Msikiti ule pale, njia ya kushukia majini ilipita hapa, basi kisima chetu kiko chini ya yale makontena mekundu. Nilitaka kumweleza, lakini lori likapiga honi naye akaenda kulifungulia. Basi nakueleza wewe.

Mimi nimekaa miji mingi. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo nimepika chapati Voi, nimeuza nguo Malindi, nimefua Lamu, kila mahali miezi kadhaa kisha naondoka. Watu hudhani nina ugonjwa wa miguu. Lakini mahali ninapopakumbuka kwa harufu ni hapo tu, nyumba ya nyanya, msimu wa kaskazi wa mwanzo wa miaka ya tisini, nilipokuwa na miaka kumi na khale alikuwa anaolewa.

Khale ndiye mdogo wake mama, kitinda mimba wa nyanya. Alichumbiwa na watu wa kisiwani, watu wa mjini hasa, na harusi ikawekwa mwezi wa Shaabani, kabla watu hawajaanza kufunga. Siku walipokuja kupanga mambo, shangazi wa bwana harusi alikunywa kahawa yetu, akala halwa yetu, akautazama ua wetu wa vumbi, kisha akauliza kwa sauti ya asali, "Na maua je? Huku kwenu yanaota, au tuwaletee?"

Nyanya akatabasamu. "Yanaota, mwanangu. Inshallah yatakutosha mpaka wewe."

Wageni walipotoka akakaa kwenye kibao cha mbuzi bila kukuna nazi. Wallahi, alisema, binti yake hatotoka mlangoni kwake na maua ya watu. Asumini ya kichwani, ya kifuani na ya kitandani itatoka kwenye ua huu huu.

Sasa, ua ule ulikuwa na kichaka kimoja tu cha asumini, kikinywa maji ya bafuni. Na pesa za kununua miche hazikuwako. Baba alikuwa kibarua bandarini, siku mbili kazini, siku nne barazani. Ila Mungu ana milango yake. Mama alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja huko Bamburi, na wiki ile ile mgeni mmoja wa Ulaya alilalamika kwamba harufu ya asumini karibu na meza za chakula inamuumiza kichwa. Meneja akaamuru zing'olewe. Mama akaziokota jalalani, visiki vyenye mizizi, akavifunga katika gunia bichi na kuja navyo kila jioni, wiki nzima, akibadilisha magari matatu. Baba akaleta madebe ya mafuta yaliyopondeka. Khale, bibi harusi mwenyewe, akayatoboa chini kwa msumari huku akituambia kwamba mkono wake ukiingia kutu hatopakwa hina. Yalipopangwa ukutani yalikuwa madebe arubaini na mawili. Nayajua kwa sababu mimi ndiye niliyeyanywesha.

Mbolea alitupa jirani. Alikuwa mama mmoja kutoka bara ya Kaloleni, Mkristo, mjane, aliyekodi chumba na kijizizi nyuma ya ua wetu, na mbuzi wake saba. Yeye na nyanya walikuwa na biashara yao isiyo na fedha. Asubuhi nyanya alimpelekea maganda ya ndizi na ya muhogo, jioni yeye akarusha sauti juu ya ukuta, "Mama, njoo uchukue! Wewe wanipa maganda, nami nakupa mavi. Nani kapata hasara?" Nyanya alikuwa akicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Mama yule alikuja na jembe lake mwenyewe, akachanganya udongo na samadi kwa mikono, debe baada ya debe, akinifundisha kuufinyanga na kuusikiliza ukivunjika.

Kila mtu alikuwa na kazi msimu ule. Alfajiri nyumba ilinuka mahamri na iliki, adhuhuri ikanuka mbaazi za nazi, na ndege za Port Reitz zilipita chini hata vifuniko vya sufuria vikatetemeka. Kazi yangu ilikuwa maji. Bomba lilikuwa limekauka tangu mwezi uliotangulia, kwa hiyo tulitegemea kisima kilichokuwa karibu na mkono wa bahari. Na kisima kile kilikuwa na adabu yake.

Nyanya alinifundisha mara nyingi. Maji matamu ni mgeni, alisema, yanakaa juu, barazani. Mwenye nyumba ni chumvi, amelala chini. Ukichota kwa adabu, mgeni atakukirimu. Ukipiga kelele utamwamsha mwenye nyumba. Maana yake ni kwamba kidebe kilazwe ubavu juu ya maji, kikwangue kidogo kidogo, kisizamishwe. Wakati wa kaskazi maji matamu huwa kama utando tu juu ya chumvi, na kila ukivuta kamba unapata nusu kidebe. Nusu kidebe, kwa madebe arubaini na mawili, asubuhi na alasiri.

Nilistahimili wiki tatu. Visiki vikachipua, vikatoa majani ya kung'aa, na siku moja khale akapiga kelele, "Njooni muone!" Vitumba vya kwanza vilikuwa vimetoka, vyeupe kama punje za mchele. Nyanya alivihesabu kwa kidole bila kuvigusa.

Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kutaka kujua. Watoto wenzangu walisema kisima kile hakina mwisho, kwamba chini kuna tundu linalotoka baharini. Mchana mmoja nikafunga jiwe ndani ya kidebe, nikakiachia kizame. Kikagonga kitu. Kumbe kina mwisho! Nikakivuta, kikaja kimejaa tele, kizito, mara moja tu. Nikayaonja yale maji. Yalikuwa na chumvi, si nyingi, kama ya mchuzi uliokolea kidogo. Nikajiambia mmea hauna ulimi.

Siku hiyo nilimaliza kazi mapema, nikaenda kucheza. Na kesho yake. Na kesho kutwa. Kwa siku kama kumi nililitumia jiwe lile, nikilificha kichakani pale kisimani kila jioni.

Kwanza ncha za majani ziligeuka kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Kisha kingo. Kisha vitumba vikaanza kuanguka kabla ya kufunguka, na kila asubuhi nyanya aliviokota chini kimoja kimoja akiviweka katika kisahani, kana kwamba vinaweza kurudishwa. Nikarudia haraka kukwangua juu kwa adabu zote, lakini mwenye nyumba alikuwa ameshaamka. Maji ya juu nayo yalikuwa na chumvi. Mama akaanza kubeba maji ya hotelini kwa madumu, mabega yakamvimba. Baba akajenga kivuli cha makuti. Khale akasoma Yasini juu ya bilauri na kunyunyizia. Tulifanya kila kitu, na kila siku majani yalizidi kukauka. Mimi nilijua sababu, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama lile jiwe.

Ndipo nyanya akasimama kwenye ukuta. Nilikuwa karibu naye, nikipepeta mchele.

"Jirani, samadi yako ilikuwa na moto bado."

"Moto upi, mama? Imekaa miezi minne. Hata mchicha wangu uko pale, utazame."

"Basi si samadi." Nyanya alikuwa amechoka, macho mekundu. "Iko mikono haipatani na maua."

Unajua neno kama hilo lina maana gani kwetu, likiambiwa mama mjane kutoka bara. Wazee wamefukuzwa makwao kama wachawi kwa neno dogo kuliko hilo. Mbuzi mmoja akalia. Jirani akasema polepole, "Haya, mama. Nimesikia," akachukua jembe lake lililokuwa limeegemea upande wetu, akaenda. Ningeweza kusema papo hapo. Ungo ulikuwa mikononi mwangu, nikaendelea kupepeta.

Siku ya harusi tulipata asumini za kutosha kikuba kimoja cha kifuani, nacho nyanya alikijaza kwa majani ya rehani na mkadi ili kionekane kinene. Alasiri wakaja watu wa kisiwani kwa vigelegele, na shangazi wa bwana harusi akateremsha kikapu kizima cha asumini mbichi, kimefunikwa jani la mgomba. "Tulijua tu," akasema, akitutazama sote. Nyanya akakipokea kwa mikono miwili. "Ahsanteni, Mungu awazidishie." Khale alitoka amependeza, kichwa chote cheupe, na harufu ikajaa njia. Sijui kama kuna aliyeona kwamba nyanya hakupiga kigelegele hata kimoja.

Siku ya tatu baada ya harusi, mimi nikiwa chuoni nikisoma Kurani, nyanya alikwenda kisimani mwenyewe. Niliporudi nilimkuta amekaa kibarazani, kidebe mbele yake, na lile jiwe ndani yake likiwa bado na kamba.

"Jiwe hili la nini?"

"Abee?"

"Nakuuliza la nini."

"Ili kizame, nyanya."

Akatikisa kichwa kidogo. "Na maji uliyaonja?"

"Niliyaonja."

"Basi," akasema.

Sikupigwa. Afadhali ningepigwa. Aliinuka, akatia mahamri kumi katika sahani ya kaure ya harusi, akafunika kwa kitambaa, akajitanda buibui kana kwamba anakwenda mbali, akazunguka nyuma ya ua. Nilimfuata. Zizi lilikuwa tupu na limefagiwa. Mlango ulikuwa na kufuli ya mwenye nyumba. Mtu mmoja akatuambia ameondoka na mbuzi wake tangu Jumatatu, kabla ya harusi, labda Kaloleni, labda Mariakani. Nyanya alisimama pale na sahani mpaka kitambaa kikaanza kuloa mafuta. Kisha akarudi nayo. Mahamri yale hayakuliwa na mtu.

Nyanya ni marehemu sasa. Madebe yaliuzwa chuma chakavu, ua ukauzwa, kisima kikafunikwa. Khale yuko kisiwani na wajukuu wake, hupenda kusimulia kichwa chake kilivyokuwa cheupe siku ile, nami huitikia. Na katika kuzunguka kwangu nimefika Kaloleni mara tatu, Mariakani sijui mara ngapi. Nikifika huuliza sokoni kama kuna anayemjua mama mmoja mjane aliyewahi kukaa Jomvu, aliyekuwa na mbuzi.

Watu hucheka. "Huku nani hana mbuzi, dada? Jina lake nani?"

Tulikaa naye ukuta kwa ukuta miaka minne, tukala mchicha wake, akachanganya udongo wetu kwa mikono yake. Sisi tulimwita jirani. Jina lake silijui.