Kamati iliona kamba tu

Kazi yangu ni kukodisha mahema hapa Kaloleni, na kamati ya harusi ya binamu yangu imechukua mahema ya mtu mwingine.

Nimejua leo asubuhi. Nikaenda moja kwa moja Mamboleo kwa Anti, mwenyekiti wa hiyo kamati. Nilikuwa nimejipanga kwa ugomvi kabisa.

Anti hata hakushtuka.

"Tuliweka tovuti yako kwa grupu, kila mtu akafungua kwa simu yake. Lakini mama, si siku hizi unauza kamba?"

Kamba?

Akanipa simu yake nione. Picha ya hema ilikuwa kubwa hadi imepitiliza skrini, na kilichobaki kuonekana ni kona moja tu, kamba na kigingi. Ukitaka kuona hema lenyewe, uvute na kidole mpaka uchoke. Namba yangu ya simu nayo ilikuwa ndogo kama punje ya wimbi.

Kwa kompyuta ya ofisi hiyo tovuti ni maridadi, jameni. Na ni hapo tu nimekuwa nikiiangalia.

Sasa najiuliza, nani hubeba kompyuta kwa kamati ya harusi au ya matanga? Sisi hupanga kila kitu kwa simu.

Wenye biashara, hebu fungueni tovuti zenu kwa simu mniambie mnaona nini.

Mimi Jumamosi niko harusini. Anti amenipa kazi ya kukaribisha wageni, hapo mlangoni mwa hema la huyo mtu mwingine.