Nguzo Kumi na Tisa Bwawani

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, saa nne asubuhi, fundi wa tangi katika kiwanda cha kutia nguzo dawa alitia sahihi kwenye daftari la getini kwamba anatoka na vipande kumi na tisa vya nguzo, vyote vikavu. Sahihi ni yake, hakanushi.

Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na miwili. Dawa yenye shaba, kromi na arseniki husukumwa ndani ya mti kwa mashine, kisha mti hulazwa sakafuni uchuruzike. Tangazo la ukutani linasema wiki tatu. Mafundi wana kipimo chao: unabandika kiganja, kikitoka bila ukijani, mti umekauka. Vipande vile vilikuwa na siku nne. Kiganja kilitoka safi.

Alimpelekea dada yake, mfugaji wa samaki, wakavipigilia kuzunguka bwawa ili kingo zisimomonyoke.

Jumamosi dada akapiga simu. "Mdogo wangu, samaki wanahema juujuu. Yule korongo mwizi leo hawindi, anaokota tu."

Alipofika, aling'oa nguzo moja na kuipasua kwa shoka. Nje kavu, ndani mbichi, kijani. Alimgeukia dada yake.

"Umevua?"

"Ndoo tatu. Watu wa hoteli wanakuja saa kumi."

"Usiwauzie."

"Miezi saba nawalisha, unanikataza kama mtoto na peremende?"

"Dada, dawa hii naijua. Mimi ndiye niliyeileta."

Dada aliitazama nguzo, kisha mkono wa mdogo wake. "Na ulivyotutambia huo mkono. Eti unashinda mashine ya kupimia."

Fundi alikuwa ameukumbuka mfereji unaotoa maji bwawani kwenda mtoni, ambako watu huchota. Alikimbia kuuziba kwa magunia ya udongo. Umekuwa wazi siku nne; kilichokwisha kupita hakuna anayejua. Korongo alikuwa bado kasimama ukingoni. Alimtupia bonge la udongo. Ndege akaruka, akazunguka, akarudi palepale.

Watu wa hoteli waliondoka mikono mitupu. Jumatatu dada atapeleka maabara chupa mbili za maji na samaki mmoja. Fundi ataipeleka ile nguzo iliyopasuliwa kwa meneja wake, pamoja na namba ya ukurasa aliotia sahihi. Majibu huchukua siku kumi na nne.