Pikapu ya Miguu Mirefu

Ninyi vijana mnaofungua boneti kila gari likikohoa, kaeni kwanza mnisikilize. Shule yangu iliishia kwenye kusoma Biblia na kuandika jina, lakini gari lililokataa mlima nimelisukuma kwa mgongo wangu huu, kwa hiyo nina haki ya kusema.

Babu yenu alikuwaga na pikapu kuukuu. Miaka ile ya foleni, sabuni haionekani na sukari imekuwa hadithi, pikapu hiyo ilivuta tela la pamba kutoka kwetu upande wa Butiama mpaka kiwandani Bunda. Matairi yake yalikuwa madogo, yana viraka kama suruali ya mlevi. Mlimani ilipanda polepole, inalalamika njia nzima, lakini ilifika.

Halafu ikaja ruksa ya biashara huria. Maduka ya Musoma yakajaa vitu, vichwa vya wanaume vikabaki vitupu. Babu yenu akaenda mtaa wa Mukendo kutafuta mafuta ya breki, akarudi na magurudumu manne makubwa, ya gari refu kuliko letu. Wanaume wa huku mnawajua: fahali hata kama hapandi, mradi ana nundu atasifiwa. Akayafunga, akarudi nyuma kuyatazama, akaisifu pikapu kwa majina ya ng'ombe wake. Yale madogo akampa mdogo wake kwa mkokoteni wake wa ng'ombe wa magurudumu manne, maana ekseli zake mbili zilitoka kwenye pikapu ya aina ileile iliyokufa.

Sasa, pamba ya msimu ule nililima mimi, nikapalilia mimi, nikachuma mimi. Yeye kazi yake ilikuwa kuifikisha tu. Na kiwanda kilishatangaza kwamba kinakaribia kufunga mlango wa kununua. Pamba ikikosa mlango, unalala nayo na panya.

Tukapakia tela. Katikati ya mlima gari likatetemeka, klachi ikanuka, likazima. Tukashusha mzigo, akalipeleka kwa fundi Musoma. Fundi akasafisha kabureta, akabadilisha plagi. Habari ya magurudumu babu yenu hakumwambia, na kwenye tambarare, bila tela, gari lilikimbia kama swala. Tukarudi mlimani, tukapakia tena, likazima palepale. Jirani akasema ni kijicho. Mzee wa kanisa akaja, akaweka mikono juu ya boneti, akaomba sana. Injini ikapokea baraka, ikazima tena.

Mimi nilikuwa nyuma na jiwe langu la kuzuia gurudumu, jasho linaniingia machoni, ndipo shemeji akatokea na mkokoteni wake. Ng'ombe wanapanda, wanacheua.

"Kaka," akasema, "umeivalisha viatu vya harusi halafu unaileta shambani."

"Pita na ng'ombe wako."

"Napita. Miguu yako mizuri, asante."

Nikayatazama yale matairi madogo yakipanda mbele yangu. Nikakumbuka jembe. Jembe pana kwenye udongo mgumu halikulimii zaidi, linakuvunja kiuno. Nikamwita shemeji asimame, nikamgeukia mume wangu.

"Mzee, na yale madogo ilipanda?"

"Ilipanda."

"Umebadilisha nini kingine?"

Akaanza kuangalia milima ya mbali, kama vile ameiona siku hiyo.

"Yafungue," nikamwambia.

"Nitaonekanaje Bunda?"

"Utaonekana umefika."

Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, lakini jeki alishika. Wakabadilishana magurudumu palepale kando ya barabara. Babu yenu akaweka gia ya kwanza, pikapu ikaguna, tela likafuata nyuma yake kama mbuzi anayejua zizi lake. Pale juu mzee wa kanisa akaifunga Biblia yake; nadhani alikuwa amejiandaa kutoa ushuhuda.

Kiwandani tuliwakuta bado wanapima. Pamba yangu ikapanda mzani. Tukirudi tulipishana na shemeji, amekaa juu ya mkokoteni mrefu kama mimbari, anapungia watu mkono.

Tulipofika nyumbani nikawaita wote uani, babu yenu akiwemo, nikawaambia: "Anayetaka urefu apande juu ya paa. Magurudumu ya gari hili ni hayahaya mafupi, na atakayeyagusa ataibeba pamba yangu kichwani mpaka Bunda."