Mboga ya Jirani Niliyoing'oa

Andika vizuri, mjukuu wangu, wala usinipambe. Mimi sikusoma, lakini jembe nalijua tangu Kivu, na kosa ninalolisimulia nililitenda kwa jembe.

Tulipohamia North Buffalo, huku Marekani, tulipewa kitalu katika bustani ya pamoja, nikapanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Jirani yangu pale alikuwa mama mmoja Mkurdi, aliyekimbia vita kaskazini mwa Syria. Hatukuwa na lugha moja. Tulisalimiana kwa kuweka mkono kifuani. Mbegu alizotoka nazo kwao, zimefungwa katika ncha ya kitambaa cha kichwani, alizipanda zote.

Asubuhi moja nilimtangulia. Kijijini kwetu, anayefika kwanza shambani humpalilia jirani hatua chache bila kuombwa. Nikaona kitalu chake kimejaa majani manene yanayotambaa. Kwetu hayo ni magugu. Niliyang'oa yote, nikayatupa kati ya lengalenga zangu yawe mbolea, nikangoja shukrani.

Alipofika alipiga magoti, akapapasa udongo mtupu. Hakunikemea. Aliomba wakulima wote wa bustani wakutane Jumamosi.

“Koko, watatufukuza,” uliniambia wewe, mjukuu wangu.

“Wanifukuze mimi. Wewe utabaki kumwagilia.”

Tuliketi kwa duara. Alitaka mkutano uongozwe na mwanamke na mwanamume kwa pamoja, kama walivyozoea kwao. Binti yake alitafsiri kwa Kiingereza, nawe ukaniletea kwa Kiswahili. Alieleza kwamba zamani serikali iliwaamuru kulima ngano tu. Hata kupanda mti kulihitaji kibali. Vita vilipokuja, Wakurdi walishika uongozi na kila mtaa ukaunda baraza lake. Maji, miti, ugomvi, yote yaliamuliwa na wale walioketi pale. Mto ulipozibwa kwa bwawa huko juu ukapungua, waligawana maji yaliyobaki kwa kuzungumza.

“Sikuja kumshtaki,” alisema. “Ile ilikuwa mboga ya mama yangu. Nataka alijue hilo, kisha tuamue sote nani aguse kitalu cha nani.”

Mimi, ambaye sikuwahi kuomba msamaha mbele ya watoto, nilisimama.

“Mama, nilidhani ninakusaidia. Nisamehe.”

Akajibu neno, binti yake akaangua kicheko kabla ya kutafsiri: “Anasema unapalilia vizuri mno.”

Mbona kalamu imesimama? Hilo nalo liandike.

Tuliamua kwamba mtu asing'oe chochote kwa mwenzake kabla ya kuuliza. Kisha mvua ikanyesha siku mbili. Niliporudi, yale majani niliyoyatupa yalikuwa yametoa mizizi kati ya lengalenga zangu. Nilikwenda kumwita, nikamvuta kwa mkono. Alichuma jani moja akanilisha. Lilikuwa na uchachu mtamu. Nikamwonyesha kwa vidole: tuyahamishie kwako? Akatikisa kichwa, akayafukia vizuri palepale.

Msimu ule wote, kila nilipotaka kupalilia kitalu changu mwenyewe, nilimwomba ruhusa kwanza.