Nyumba Tisa Zisizo na Jirani

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, simu inaita kabla mama mmoja hajavua sweta ofisini kwake. Anaibana kati ya sikio na bega, anafuta miwani kwa upindo wa blauzi, kisha anawasha kompyuta kwa kidole kimoja.

"Mama, ile programu ya ramani imegoma tena," sauti ya binti mmoja inasema. "Imeniandikia maneno mekundu."

"Imegoma, au imekwambia kitu?"

"Imeniambia kitu."

"Basi nisomee, mwanangu. Taratibu, wala sina haraka."

Haraka ipo, tena kubwa. Anayepiga ni afisa takwimu wa ofisi ya afya. Saa nne wakubwa wake wanakaa kikao kuamua gari la maji safi lipelekwe upande gani. Watoto wanaharisha sehemu nyingi, gari ni moja. Ramani ya kuonyesha wagonjwa wamezidi wapi bado haijatoka.

Kazi ya mama huyu, mwenye miaka hamsini na mitatu, ni kupokea simu kama hizo. Watu wanaotengeneza ramani kwa kompyuta huipa programu orodha ya nyumba, visima au mashamba, halafu huiagiza ipige hesabu: je, haya mambo yamekusanyika mahali pamoja kwa sababu, au yametokea tu? Hesabu ikikwama, wanamtafuta yeye. Kwa siku hupokea simu kumi na tano, siku nyingine ishirini.

Ofisini wanamwita Mama Jirani. Jina hilo limetokana na swali lake la kwanza, ambalo halibadiliki: "Jirani zake wako wapi?"

Programu huipima kila nyumba kwa kuitazama pamoja na zilizo karibu nayo. Isiyo na jirani haipimiki, na hapo ndipo maneno mekundu yanapotoka.

Orodha ya leo ina nyumba mia mbili na kumi na nne, kila moja na idadi ya watoto walioumwa. Afisa ameiagiza programu ihesabu jirani ndani ya mita mia tatu. Nyumba tisa zimebaki bila jirani.

"Nizifute tu?" anauliza. "Jana nilijaribu, ikakubali bila ubishi. Ramani ikaonyesha kwamba shida iko sokoni."

"Ilikubali kwa sababu haijui inamfuta nani. Tumuulize aliyekwenda."

Aliyekwenda ni mhudumu wa afya wa mtaa, mwanamume wa makamo anayezunguka nyumba kwa nyumba kwa miguu. Mama Jirani anamwingiza kwenye simu hiyohiyo.

"Kaka, kuna nyumba umeiweka katikati ya bwawa. Huyo mtoto anaishi na samaki?"

"Dada, usinichekeshe, niko kwenye ngazi. Hebu nisomee namba zake za ramani."

Anamsomea. Upande wa pili karatasi zinapekuliwa.

"Ah, sita na tisa nimezigeuza. Nilikuwa naandikia gotini na mvua inaninyeshea. Hiyo iko na wenzake kule ng'ambo ya machimbo ya mawe."

"Wenzake ni hizi nane?"

"Hizo hizo. Wavunja kokoto hao. Kila mtu amejenga karibu na shimo lake, mlango hadi mlango ni nusu kilomita. Nilipanda kule siku mbili, viatu vikafunguka soli. Jamani, msinifutie."

"Samahani, kaka," afisa takwimu anasema. "Sikujua."

"Ungejuaje, na hujafika? Siku nyingine tutakwenda wote. Uje na viatu vya maana tu."

Mama Jirani hamwachi binti wa watu akae na aibu yake. "Haya, turudi kazini. Mita mia tatu ni jirani wa mjini. Kule juu jirani ni mwingine."

Anamwelekeza hatua kwa hatua. Badala ya kupima mita, programu ichukue nyumba nane zilizo karibu zaidi na kila nyumba, hata kama ziko mbali. Ile ya bwawani inarudishwa ilipo, na zile tisa za machimboni zinakuwa jirani zenyewe kwa zenyewe.

Saa tatu na dakika ishirini ramani inatoka. Soko bado lina wekundu wa wagonjwa wengi, lakini palipoiva zaidi ni machimboni. Nyumba tisa, watoto kumi na saba.

"Nenda kikaoni sasa," Mama Jirani anasema. "Umekunywa chai?"

"Bado, mama."

"Kunywa kwanza. Dakika tano."

Chai yake mwenyewe iko kwenye chupa mezani. Kila asubuhi huichemsha mume wake, fundi umeme mstaafu, ambaye hupenda kuwaambia wageni, "Huyu anawajua majirani wa watu wote. Wa kwetu nawasalimia mimi."

Mama Jirani alianza kazi katika ofisi ya ardhi, akinakili ramani za viwanja kwa kalamu ya wino. Kompyuta zilipoingia, kati ya wachoraji kumi na wawili walibaki watatu. Anasema yeye alibaki kwa sababu ya mpima ardhi mmoja aliyekuwa akimwachia kiti na kompyuta yake ajifunze saa ya chakula, kila siku, kwa miaka miwili.

"Aliniambia hasikii njaa mchana," anasema, na anatabasamu. "Alikuwa na njaa kama sisi wote."

Saa saba kasoro ujumbe wa afisa takwimu unaingia. Gari la maji litaanzia machimboni, Jumatatu na Alhamisi, kisha lishuke sokoni. Mama Jirani anausoma mara mbili, anaupeleka kwa mhudumu wa afya, halafu anavuta droo.

Humo mna daftari la mistari, limejaa karibu lote. Kila kosa analokutana nalo huliandika kwa Kiswahili chepesi: programu inasemaje, ina maana gani, fanya nini. Maneno ya kompyuta ni ya Kiingereza, na wengi wanaompigia huona aibu kusema hayajawaingia. Mwakani anataka kuchapisha nakala sitini azigawe kwenye ofisi za afya, maji na kilimo. Afisa takwimu ameshaomba ya kwanza.

"Simu zikipungua sitanuna," anasema. "Nitasalimia majirani zangu."

Anachonga penseli, anafungua ukurasa mpya na kuandika kosa la leo: kuna nyumba zisizo na jirani. Chini yake, pale pa kueleza la kufanya, anaanza na maneno manne.

"Usifute. Mpigie simu aliyekwenda."

Anayahesabu, anakuta ni manne kweli, anamimina chai.