Ndege wa Manjano wa Narung'ombe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo sijaisahau. Tulikuwa kijijini Narung'ombe, miaka ile ya elfu mbili ufuta ulipoanza kuwa na bei na kila mtu akautamani. Mimi na mume wangu tulilima shamba aliloniachia mama. Karibu na nyumba kilibaki kichaka kimoja kinene, nami nilikuwa nimekikodolea macho nikifyeke nipande ufuta.

Tatizo lilikuwa baba. Miguu ilikuwa imemwisha nguvu, na raha yake ilikuwa kukaa kibarazani asubuhi akiwatazama ndege wa kichaka kile, wadogo, wa manjano, mkia rangi ya kutu. Hawatulii wale. Hurukaruka kudaka wadudu huku wakitandaza mikia, na baba akicheka nao kama anayecheka na wajukuu. Akaniambia, "Ukikata hapa, hawa wataondoka."

Basi nikatafuta wa kuniunga mkono, maana tamaa haikosi wakili. Alipopita afisa maliasili, kijana mpole mgeni wilayani, nikamwonyesha ndege wale. Akasema ndege hao hawako hatarini, wapo wengi hadi Msumbiji. Hakudanganya. Hakujua tu kwa nini nauliza.

Nikampelekea baba habari hiyo kwa furaha. Akasema, "Sawa, mwanangu. Lakini Msumbiji ni mbali. Mimi hata kisimani sifiki."

Nilimsikia vizuri. Wiki ileile tukafyeka, tukachoma.

Ufuta ulikubali, siwezi kukana, hata bati tuliezeka. Baba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliomba tu kiti chake kigeuzwe kitazame ukuta. Masika ya pili hayakumkuta. Nilikiacha kipande kile kiote upya, kikaota majani matupu, wala ndege hawakurudi. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu nimemlea mpaka uzeeni.

Kwa hiyo ukiambiwa kitu kiko kingi duniani, usikimbilie panga. Uliza kwanza kama kitabaki mlangoni kwa yule atakayekikosa. Na mzazi akikuomba jambo dogo, usimtafutie hoja ya kumshinda. Mimi nilimshinda baba yangu, na sijapata kuufurahia ushindi ule.

Mungu akujalie mavuno, mwanangu, na akujalie wazee wanaocheka kibarazani kwako.