Siku Mgonjwa wa Kuigiza Alipougua Kweli

Saa mbili asubuhi, Wakonyo amelala chali kitandani katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Thika, akilalamikia kifua. Vidole vyake havitulii. Vinafinya shuka, vinaachia, vinafinya tena. Wanafunzi sita wamemzunguka. Anawapitia uso mmoja baada ya mwingine, akimtafuta atakayemtazama.

"Wengi hutazama mashine," anasema baadaye. "Ikilia, wanaikimbilia. Mimi niko pale chini kama godoro."

Mjane huyu wa miaka hamsini na tisa, mkazi wa mtaa wa Kiandutu, ni mgonjwa wa kuigiza. Kwa miaka minne amezimia na hata "kufa" kitandani hapo, ili wauguzi wajifunze kuona mapema hali ya mgonjwa inapobadilika.

Februari alikuwa akiigiza pumu. Ilikuwa Jumatano, siku yake ya kufunga na kuomba, na alikuwa amemeza dawa ya kisukari bila kula. Katikati ya zoezi jasho baridi likamtoka, ulimi ukawa mzito.

"Nikawaambia, watoto wangu, naumwa kweli. Wao huniita Shosho, bibi yao. Mmoja akasema, 'Shosho leo ameweza!' Wakacheka. Kila nilivyosema ni kweli, ndivyo nilivyozidi kuonekana fundi."

Dakika sita zikapita hivyo.

Byron, mwanafunzi aliyepewa kazi ya kuandika tu saa ya kila tukio, alikuwa amesimama miguuni pake. "Nilimshika mguu, nikapata soksi imelowa. Nikajiuliza, na hii pia anaigiza?" Akapaza sauti, zoezi likasimama. Sukari ya damu ilikuwa mbili nukta moja, chini mno. Wakampa glukosi upesi.

Mwalimu wao, Muriithi, hafichi. "Nilikuwa nafundisha watu kuona, na mimi mwenyewe sikuona."

Tangu hapo wana neno lao: Kiandutu. Wakonyo akilitaja, mchezo umeisha, ni ugonjwa wa kweli. Kufunga hajaacha, ila sasa anafunga siku asizoigiza, tena kwa ushauri wa daktari. Hofu ndiyo haijamwacha. "Nikilala pale, moyo unaniuliza, wakikukosa tena?"

Asubuhi hii Jackie, mwanafunzi mgeni, anamwinamia na kumhoji kwa upole. "Shosho, unaishi wapi?"

"Kiandutu."

Chumba kinalipuka. Mmoja anakimbilia glukosi, mwingine anamshika mkono, Byron anavuta soksi.

"Ngojeni! Ngojeni, ni nyumbani!" Wakonyo anapiga kelele. Hakuna anayemwamini mpaka sukari ipimwe. Saba, ya kawaida. Ndipo wanaangua kicheko, naye anajifuta machozi kwa shuka.

Neno halitabadilishwa, amekataa. Akiulizwa makao, atasema Witeithie, mtaa asioishi. "Mungu anisamehe."

Jumatatu linakuja kundi jipya kutoka Ruiru, watu kumi na wanane. Atawasimamisha mlangoni, kila mmoja alitamke neno hilo kwa sauti.

"Nisipowasikia wote," anasema, "silali kitandani pale."